Sentimita Tatu za Bi Hakosei

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho cha kazi, lakini kitambulisho chenyewe kilishafifia na hakuna aliyejisumbua kukisoma. Kiwanda kizima, kuanzia mlinzi wa getini hadi bosi mwenyewe, walimwita Bi Hakosei. Na jina hilo hakupewa kwa kupakwa mafuta. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mwendesha kompyuta wa kiwanda cha sare: sare za wauguzi, za madereva, za walinzi, za wahudumu wa hoteli. Hata siku moja hakuwahi kumvisha muuguzi mnene suruali ya dereva mwembamba. Vipimo vilimfikia vikiwa vimeandikwa kwa mkono, vikatoka kwenye printa vikiwa karatasi za namba za kukatia, na karatasi hizo zikifika kwenye meza za wakataji, nguo ilimkaa mtu kana kwamba amezaliwa nayo.

Sasa hiyo kompyuta. Jamani, msicheke. Lilikuwa sanduku la rangi ya chai ya maziwa, zito, lenye kioo cheusi na maandishi ya kijani, na lilikuwa bado linatumia disketi. Programu yake ilikuwa moja tu, iliyoandikwa na mtaalamu mmoja mwenye ndevu ambaye alipoimaliza alihamia mbali na hakuonekana tena. Ilikuwa na vituko vyake. Ilikataa jina lenye herufi zaidi ya kumi, kwa hiyo nusu ya wateja walikatwa majina kabla ya kukatiwa nguo. Ukibonyeza kitufe cha kufuta mara mbili, ilisusa na kujizima. Siku za joto ilibidi uipepee kwa jalada la faili. Na printa ilipoanza kulia, watu wa chumba cha pili waliacha mazungumzo yao wakangoja imalize.

Bi Hakosei aliipenda hivyo hivyo. Alikuwa ameanza kazi kwenye meza ya vifungo, msichana asiyejua hata kuwasha kompyuta, akapandishwa juu kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mwepesi wa kusinzia. Yule mwenye ndevu alimfundisha kwa miezi mitatu: hapa unaingiza, hapa unachapa, na hapa, mama, ndani kabisa, ndipo programu ilipoandikwa, usipaguse isipokuwa nyumba inaungua. Chumba chake kilikuwa juu ya ngazi, chenye dirisha moja lililotazama ukumbi wa wakataji. Mezani alikuwa na picha ya mumewe kwenye usukani wa lori. Watoto wawili aliwasomesha kutokana na chumba hicho, wakaoa na kuolewa, na sasa ilibaki miezi miwili astaafu. Cheti cha kumuaga kilishapelekwa kuchapwa. Alikwisha kukiona kwa jicho la wizi kwenye dawati la karani: "Kwa mfanyakazi ambaye hakuwahi kukosea."

Basi Bosi Mdogo akaamua kubadilisha programu. Aliitwa Bosi Mdogo kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa Bosi Mkubwa, ingawa kwa tumbo alikuwa amemwacha baba mbali.

"Wateja wanataka kutuma vipimo kwa simu," alisema siku aliyowakusanya wafanyakazi. "Na hii mashine ikifa kesho, nani wa kuifufua? Vipuri vyake havipo. Mafundi wake wamezeeka. Tunaendesha kiwanda kwa maombi!"

Akaleta mtaalamu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Alikuwa amefungua kampuni yake mwenyewe mwaka huo huo na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Wakataji wakambatiza Binti Programu kabla hajamaliza kupanda ngazi.

Bi Hakosei alijiandaa kumchukia, akashindwa. Binti alikuwa na adabu, alikuwa na ucheshi, na alikuwa na maswali. Kazi yake haikuwa kuitupa programu ya zamani na kuleta nyingine kutoka dukani, la. Ilibidi kwanza aisome ile ya zamani mstari kwa mstari, aelewe kila mstari ulikuwa unataka nini, kisha aiandike upya kwa lugha ya siku hizi. Kwa hiyo wawili hao walikaa bega kwa bega wiki saba.

"Mama, hapa mbona inamruka mteja namba kumi na tatu?"

"Huyo aligombana na Bosi Mkubwa. Akasema hataki kumwona hata kwenye kioo."

"Na hapa inaposema Jumamosi ihesabiwe Ijumaa?"

"Zamani hatukufanya kazi Jumamosi. Lakini shuka ngazi uone, leo ni Jumamosi na mashine zinalia."

Binti alicheka akaandika kwenye daftari lake. Kila kitu alikiandikia sababu. Namba bila sababu, alisema, ni kama chumba kilichofungwa na ufunguo umepotea: hujui kama ndani kuna mali au kuna nyoka.

Wiki ya sita waliziendesha programu mbili pamoja, ya zamani na mpya, vipimo vile vile vikiingizwa kote kote, na karatasi zinazotoka zikalinganishwa. Asubuhi moja Binti Programu akageuza kiti.

"Mama, njoo uone kioja. Huku ndani kuna mstari unasema: kila urefu, ongeza sentimita tatu. Mapana haugusi, urefu tu. Na hauna maelezo. Wa nini huu?"

Bi Hakosei akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo kisicho na vumbi.

"Labda wa upindo," alisema.

"Hapana, upindo una mstari wake, huu hapa, na una maelezo marefu kama barua. Yule mzee wa ndevu alieleza kila alichoandika. Huu peke yake ndio bubu. Hata unavyoonekana, umeandikwa na mtu mwingine."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu. Mimi naingiza vipimo tu."

"Basi niuondoe?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulishafunguka kabisa. Lakini macho yake yakaenda dirishani, chini ukumbini, alikosimama Mzee Mkasi akiwafokea watu.

"Wewe ndiye fundi," alisema. Binti akauondoa.

Nitawaambia alichoficha, maana yeye mwenyewe alikificha kwa miaka ishirini na miwili na kilikuwa kinamla ndani kwa ndani.

Mzee Mkasi alikuwa mkuu wa wakataji. Siku hizo hakuwa mzee, ila ukali alizaliwa nao. Alikuwa na rula ya mbao ngumu, ndefu mita moja na nusu, aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, yenye misumari midogo ya shaba kila baada ya sentimita ishirini na vistari katikati. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kuna mtu aliwahi kuitumia kujikuna mgongo. Alihamishiwa stoo siku hiyo hiyo. Basi mchana mmoja, watu wako chakulani, disketi ya Bi Hakosei ikaanguka nyuma ya kabati la chuma. Mkono haukufika. Akashuka, akaiazima rula bila kuomba, akachokoa, akakwamisha, akavuta, na ncha ikasema tak! Kipande cha sentimita tatu kikabaki nyuma ya kabati pamoja na disketi.

Mtu mwingine angelia. Yeye aliisawazisha rula kwa kisu, akailainisha kwa msasa, akaipaka dawa ya viatu mpaka mbao mpya ikafanana na ya zamani, akairudisha mahali pake. Hakuna aliyegutuka. Nafasi kabla ya msumari wa kwanza ilikuwa fupi kuliko nyingine, lakini ni nani anayehesabu vistari vya mwanzo? Hakuna suruali ya sentimita kumi na tano. Ila sasa kila nguo ingetoka fupi sentimita tatu, na hapo ndipo alipofikiria kile chumba cha ndani alichokatazwa asikiguse. Akaingia. Katika maisha yake yote Bi Hakosei aliandika mstari mmoja tu wa programu, nao ni huo: ongeza tatu. Rula ikipunguza tatu, karatasi ikiongeza tatu, nguo ikatoka barabara.

Alikusudia kumwambia Mzee Mkasi Ijumaa. Ijumaa Mzee Mkasi aliumwa jino. Ijumaa iliyofuata alikuwa na furaha, na ni nani anayetaka kuharibu siku adimu kama hiyo? Kisha kiwanda kikakua, meza moja ikawa sita, na Bosi Mkubwa akaita seremala anakili ile rula kwa meza zote. Seremala alikuwa mtu makini. Alinakili kila msumari, kila kistari, na pengo la mwanzo kama lilivyo. Uongo ukawa na watoto. Mapana yalikatwa kwa kufuata karatasi ngumu zilizochorwa tayari, mkaguzi wa mwisho aliangalia mishono na vifungo, na urefu ulikuwa umeshaaminiwa kwa kompyuta. Nani angejua?

Msidhani alikaa kimya tu baada ya Binti kuufuta mstari. Alikuwa na mpango. Alikwenda dukani akaagiza rula sita za chuma, nzuri, apate kuwapa wakataji kama zawadi ya kuagana, na zile za mbao zikaishie jikoni kwa mtu. Zingefika mwisho wa mwezi, wiki moja kabla programu mpya haijaanza kazi. Hesabu ilikubali kabisa, mpaka Bosi Mdogo alipopata kiherehere.

"Mbona imeshakamilika?" alisema. "Tunaanza Jumatatu hii!"

Oda ya kwanza ilikuwa ya hospitali, wauguzi mia moja na themanini. Vipimo viliingia kwa simu, karatasi zikatoka safi, na wakataji walikata huku wakinung'unika kwa mazoea tu. Bi Hakosei alisimama dirishani roho juu. Alijiambia labda haitaonekana. Sentimita tatu ni nini? Upana wa vidole viwili!

Ikaonekana. Mkuu wa wauguzi alifika mwenyewe getini Jumanne ya wiki ya pili, mama wa haiba, amevaa suruali mpya, vifundo vya miguu vikipunga upepo na mikono ya koti ikiishia mbali na kiganja.

"Nitazameni," alisema katikati ya ukumbi. "Naingia wodini au naingia kulima mpunga?"

Wakataji waliuma midomo wasicheke. Mzee Mkasi hakuuma chochote. "Nilisema!" alinguruma. "Nilisema mimi! Miaka yote hiyo na lile sanduku, kuna mtu aliwahi kurudisha suruali? Leo wametuletea simu, tunawavisha watu nguo za wadogo zao!"

Bosi Mdogo alikuwa mwekundu wa macho. Pale pale akatoa hukumu: hospitali itashonewa upya, Ijumaa sanduku la zamani linarudi mezani, na Binti Programu afungashe virago. Bi Hakosei aombwe abaki mwaka mmoja zaidi, maana bila yeye sanduku haliendi.

Semeni kweli, kuna mtu aliwahi kupewa mteremko kama huo? Siri imezikwa, jina limepanda, kazi imeongezwa. Alipanda ngazi akamkuta binti amezungukwa na karatasi, macho yamevimba.

"Nimehakiki mara nne," alisema binti. "Kila urefu ninaouchapa ni sawa na mwili wa mtu. Namba zangu hazina kosa, mama. Sasa nguo inakuwaje fupi?" Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Kuna kampuni mbili zinangoja kusikia kazi hii imeishaje. Wakisikia hivi, nimemwaga unga kabla hata sijaupika."

Bi Hakosei alikaa. Akatafuta njia ya panya.

"Mwanangu, rudisha ile tatu. Ule mstari. Rudisha tu, uone."

Binti akanyanyua kichwa. "Kwa nini?"

"Rudisha tu. Pengine itakaa sawa."

"Itakaa sawa kwa sababu gani?"

"Si mpaka iwe na sababu..."

"Mama, ndiyo mpaka iwe na sababu." Hakupandisha sauti, lakini alikaza. "Nikiirudisha hivi hivi, kesho atakuja mwenzangu aione, aulize, asijibiwe, aiondoe kama nilivyoiondoa mimi. Na watu watavaa nguo fupi tena. Nipe sababu, nitaiandika hata kwa wino wa dhahabu. Bila sababu sirudishi, bora nifukuzwe."

Jioni hiyo Bi Hakosei alimkuta mumewe jikoni akiosha vyombo, mikono mpaka kwenye viwiko imejaa povu. Tangu aache kuendesha lori alikuwa ameifanya sinki ndiyo usukani wake. Mkewe alisimama mlangoni, mkoba bado begani, akalitoa lote: disketi, kabati, kipande cha mbao, dawa ya viatu, seremala. Mume alisikiliza mpaka mwisho kisha akacheka mpaka ikabidi ashikilie ukingo wa sinki.

"Dawa ya viatu!" alisema. "Kumbe ndiyo maana ile nyeusi yangu iliisha! Nilimsingizia shemeji yangu mwaka mzima!"

"Usinicheke, baba watoto. Nimekwisha. Wakijua, cheti chenyewe nitapewa au nitapigwa nacho?"

"Na usiposema?"

"Nisiposema naagwa vizuri, yule binti anaondoka na aibu yangu."

Mume akafunga bomba. "Anakuitaje, huyo binti?"

"Ananiita mama."

"Basi," alisema, akachukua kitambaa kukausha sahani. Hakuongeza neno, na mkewe alimkasirikia kwa hilo mpaka walipokula.

Alhamisi asubuhi Bi Hakosei alishuka ngazi na futi ya kamba mkononi. Hakwenda kwa bosi kwanza kwenye ofisi iliyofungwa mlango; alijijua, mlango ukifungwa angekata kona. Alimwomba bosi ashuke ukumbini, akamwita na binti, akasimama mbele ya meza ya kwanza. Mashine zikanyamaza moja moja. Mzee Mkasi alikuwa ameshika rula yake.

"Naomba uilaze mezani," alisema Bi Hakosei.

"Ya nini?"

"Ilaze tu, kaka yangu. Leo niache niseme, kesho utanifokea."

Mzee Mkasi akailaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Bi Hakosei akanyoosha futi ya kamba pembeni yake, ncha kwa ncha. Rula ilisema sitini. Futi ya kamba ilisema hamsini na saba. Ukumbi ukainama kutazama.

"Programu ya huyu binti haina kosa," alisema. "Hata chembe. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa inadanganya, na mimi ndiye niliyeifundisha. Rula hii niliivunja mimi. Nikaogopa. Nikaongeza tatu kwenye kompyuta ili msijue. Zile nyingine zote zimenakiliwa kutoka hii. Bosi, kama kuna wa kufungasha virago, ni mimi. Na kile cheti mkichane."

Bosi, ambaye asubuhi nzima alikuwa amenuna, akatoa mlio kama wa puto linalotoka hewa. Alikuwa anacheka. "Miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Yaani kiwanda cha baba yangu... kimekata kwa rula mbovu na kompyuta mbovu... na hakuna suruali iliyorudi!" Akajishika tumbo. Wakataji nao wakalegea, vicheko vikapokezana meza kwa meza. Binti Programu hakucheka mara moja. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamtoka. Kisha akamkumbatia Bi Hakosei kwa nguvu mpaka miwani ya mama wa watu ikapinda. "Sababu," alikuwa anasema. "Sababu ndiyo hii, mama! Ningejulia wapi mimi?"

Bosi akasema binti haendi popote, zinunuliwe rula za chuma leo leo. Bi Hakosei akasema kwa aibu kwamba zipo, alishaagiza, ni kwenda kuwaharakisha wenye duka tu. Hapo kicheko kikaanza upya.

Mzee Mkasi peke yake alikuwa hachekei kitu. Alikuwa amezunguka meza zote sita na ile futi ya kamba, akipima rula moja baada ya nyingine, akirudi polepole. Akakaa juu ya jora la kitambaa. Watu wakaanza kusogea nyuma kidogo kidogo, kama wanaopisha tofali linaloanguka.

"Nyumbani ninayo ya saba," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Seremala aliniongezea moja, nikaipeleka kwangu. Nina watoto watano. Sare zao za shule nimekata mwenyewe, miaka yote, kwa mkono wangu. Na zote zilikuwa fupi." Alikuwa anaongea na futi ya kamba, si na watu. "Mke wangu akasema nabana kitambaa. Akaniita mkono wa birika, mbele ya ndugu zake. Mimi nikamwambia watoto wanakua haraka. Kifungua mimba wangu alipooa, suti nilikata mimi. Kwenye picha zote amesimama nyuma ya kiti."

Kuna mtu alianza kucheka, akakimeza kicheko.

"Baada ya hapo nikaweka mkasi chini. Miaka tisa sijakata nguo ya mtu wa kwangu. Huku kiwandani nakata mia, zinawakaa watu nisiowajua. Nikifika nyumbani, nikikata moja, inaharibika. Nikasema mkono wangu una nuksi kwa wanangu. Nani angenielewa? Sikumwambia mtu."

Bi Hakosei akamsogelea. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kwa rula kurushwa. Kwa hili hakujiandaa kabisa. "Nisamehe," alisema, na safari hii alilia wazi wazi, kamasi na vyote. "Sikujua, kaka yangu. Wallahi sikujua ilifika mpaka kwako."

Mzee Mkasi akasimama. "Chukua mkoba wako."

"Twende wapi?"

"Kwangu. Ukamwambie mke wangu kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia atasema nimetunga."

Bosi akafungua mdomo kukumbusha kwamba ni saa za kazi, kisha akaufunga.

Nyumba ilikuwa mitaa miwili kutoka kiwandani, yenye kibaraza chembamba na kamba ya nguo iliyofungwa kutoka dirishani hadi kwenye nguzo. Mke wa Mzee Mkasi alikuwa anaanua nguo. Alipowaona wanakuja hivyo, mume mbele, mwanamke nyuma macho mekundu, alishika kiuno kwanza.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, wifi," alisema Bi Hakosei. "Nimekuletea kosa langu."

Akalisema lote kwa mara ya tatu katika siku tatu, na mara ya tatu haikuwa rahisi hata kidogo. Alipofika kwenye rula ya saba, mke wa Mzee Mkasi aliacha kukunja shuka. Akamgeukia mumewe.

"Hata suti ya mwanetu?"

"Hata suti."

"Na sare? Zote?"

"Zote, mama watoto."

"Na mimi nilikuita..." Akaishia hapo. Shuka ilikuwa imeanguka chini naye alikuwa ameikanyaga bila kujua. "Nilikuita mkono wa birika mbele ya kaka zangu, na wewe ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nguo zilikuwa fupi."

Yule mama akacheka, akalia, akampiga mumewe begani, akacheka tena, vyote kwa pamoja, kisha akaingia ndani bila kuaga. Wakasikia kabati linafunguliwa. Alirudi na kitambaa kipya cha bluu, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, na mkasi mkubwa uliofungwa kwenye gazeti.

"Kina miezi minne," alisema. "Kila nikitaka kukipeleka kwa fundi mwingine, miguu inakataa. Nilinunua cha gauni."

Akamwekea mumewe mkasi mkononi, akasimama wima pale kibarazani, mikono kaiinua kidogo pembeni. Bi Hakosei akatoa futi ya kamba kwenye mkoba, akaishikilia ncha yake juu ya bega la wifi yake. Mzee Mkasi akapiga magoti, pole pole kwa sababu ya umri, akaivuta kamba mpaka chini ya goti la mkewe.

"Liishie hapa?"

"Shusha."

Akashusha. "Hapa?"

"Shusha zaidi, mume wangu. Fupi nimekaa nazo muda mrefu."

Akashusha mpaka miguuni, na Bi Hakosei akasoma namba kwa sauti.